Kuhudhuria Bila Kukaa: Mkange, Dar es Salaam na Mabaraza ya Mtandaoni

Karibu majina yote ambayo Kiswahili kimeyapa makusanyiko ya watu yanatokana na mwili. Mkutano ni wa watu waliokutana. Kikao ni cha waliokaa. Kongamano ni la waliokongamana, yaani waliosongamana mahali pamoja. Baraza nayo, kabla ya kuwa Baraza la Mawaziri au Baraza la Madiwani, ilikuwa kiti cha mawe na chokaa mbele ya nyumba, mahali pa kupumzisha mgongo jua linapopungua. Hata maneno yaliyotoka katika Kiarabu hayakuepuka sharti hilo. Kuhudhuria ni kuwapo; hadhara ni mbele ya waliopo; mahudhurio ni hesabu ya waliokuwapo. Ni neno shauri peke yake, lenye asili ya watu kutakana maoni, ambalo halidai kiti wala mkeka, nalo ndilo lililopatwa na msiba mkubwa kuliko mengine: maofisa wa Kijerumani walilichukua, wakaliandika Schauri, wakaliita hivyo baraza la mkubwa wa boma la kusikiliza na kuhukumu. Hadi leo mtu mwenye shauri mahakamani hakwenda huko kuomba ushauri.

Kwa hiyo magazeti yanapoandika kwamba wajumbe kadhaa "walihudhuria kwa njia ya mtandao", lugha imefanya jambo kubwa kuliko inavyodhaniwa. Imemruhusu mtu ahesabiwe kuwa yupo mahali ambapo hayupo. Lugha ni karimu kwa mambo kama haya, wala hakuna sababu ya kuilaumu. Swali linalofaa kuulizwa ni kama sheria, dola na ardhi vimekubali ukarimu huo, na kama havijakubali, ni nani anayepata hasara.

Katika Dar es Salaam mabaraza ya namna hii yalishamiri tangu miaka ya 2020 na 2021, na sababu zake hazikuwa za kiufundi tu. Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilikuwa imezuiwa tangu mwaka 2016, nayo haikuruhusiwa tena hadi Januari 2023. Watu wanaokatazwa uwanja hutafuta ukumbi, na wanaokosa ukumbi hutafuta simu. Zoom ilikuwa imezoeleka kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Clubhouse ilikuja ikapita. Kisha vikao vya sauti vya Twitter, mtandao ambao baadaye uliitwa X, vikawa vya kila wiki. Kile kilichojulikana zaidi, Maria Spaces, kiliongozwa na mwanaharakati Maria Sarungi Tsehai. Katika vikao hivyo na vingine vidogo vilivyoviiga yalijadiliwa madai ya Katiba mpya, tozo za miamala ya simu za mwaka 2021, mkataba wa bandari wa mwaka 2023, kuondolewa kwa watu katika ardhi zao na kupotea kwa watu. Mzungumzaji mmoja angeweza kuwa Ubungo, wa pili Mwanza, wa tatu Toronto. Aliyetaka kusema aliinua mkono wa kuchorwa kwenye kioo, na kiongozi wa kikao akampa nafasi kwa utaratibu ambao mzee yeyote wa barazani angeutambua.

Umuhimu wa jambo hili hauonekani vizuri kwa kuliangalia kutoka mjini, kwa sababu mjini watu wamezoea maneno mengi. Yafaa litazamwe kutoka mahali pasipotajwa sana katika vikao hivyo.

Mkange ni kata ya Chalinze, katika eneo ambalo zamani lilikuwa lote chini ya Wilaya ya Bagamoyo. Iko kaskazini ya mto Wami, katika njia itokayo Mandera kupitia Miono kuelekea Saadani na baharini. Ni nchi ya Wadoe, Wazigua na Wakwere, ya mihogo na mahindi, na kila upande imepakana na ardhi ambayo mtu mwingine anaitaka. Kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ambayo ndani yake uliingizwa msitu wa Zaraninge ulio jirani na vijiji vya Gongo na Matipwili. Kando ya bahari kuna Uvinje, kitongoji cha Saadani, ambacho mgogoro wake wa mpaka na hifadhi umedumu kwa miaka mingi: wakazi wakishikilia kwamba ardhi yao haikuwa sehemu ya pori la akiba la awali, hifadhi ikisema vingine. Msomaji ambaye hajawahi kuishi jirani na hifadhi huenda akadhani kwamba ugomvi wa namna hiyo hukatwa kwa ramani. Ramani ni sehemu yake moja tu. Sehemu nyingine ni kujua nani alikaa, lini, akakubali nini, na kiliandikwa wapi.

Hapa ndipo kijiji cha Tanzania kinapokuwa na kitu ambacho Dar es Salaam haina. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inamfanya kila mkaazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, mkutano unaopaswa kuitishwa walau kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza uzito: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo, na ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kwa matumizi mengine, ikiwa haizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio wenye kukubali au kukataa, na ikizidi hapo Waziri huamua baada ya kupata mapendekezo yake. Mtaa wa Manzese hauna mamlaka kama hayo. Mwenyekiti wa mtaa huandika barua za utambulisho, husuluhisha ugomvi wa majirani na kuitisha mikutano ya usafi. Lakini mtaa si mwenye ardhi, na mkutano wake hauwezi kumzuia yeyote asijenge ghorofa. Kwa hakika, mkulima wa Mkange asiyemaliza darasa la saba anashika mikononi mwake kura ambayo profesa wa Mlimani hana.

Ni kura yenye historia ya kupiganiwa. Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi ya 1991 hadi 1992, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilizunguka mikoa ya Tanzania Bara ikafanya mikutano ya hadhara zaidi ya 200, na malalamiko ya wananchi yakaandikwa kuwa ushahidi. Ilipendekeza ardhi ya vijiji iwekwe chini ya mikutano mikuu yenyewe. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Sera ya Ardhi ya 1995 na sheria ya 1999 ziliacha usimamizi kwa halmashauri ya kijiji, zikaupa mkutano mkuu idhini tu. Hata hivyo idhini si kitu kidogo kwa mtu ambaye vinginevyo angekuwa na malalamiko peke yake.

Sasa achukuliwe mwana wa Mkange aliyehamia Dar es Salaam. Hana haja ya kupewa jina, maana wako wengi wa namna yake. Anauza vipuri vya pikipiki Manzese, mama yake yuko kijijini, shamba la babu liko karibu na msitu. Usiku husikiliza vikao vya sauti hadi bando linapoisha. Amejifunza humo maneno ambayo babu yake hakuyajua: fidia, ushirikishwaji, utawala bora, haki ya kupata taarifa. Yumo pia katika kundi la WhatsApp la watu wa kwao walioko mjini, ambalo ni mjukuu wa vyama vya wenyeji vya Dar es Salaam ya ukoloni, kama ule Umoja wa Wazaramo: kazi yake ya kwanza ni kuzikana, ya pili ni kuchangiana harusi, na ya tatu, inayokua mwaka hadi mwaka, ni kuulizana nani ameuza nini huko nyumbani. Mtu huyu anajua kuhusu ardhi ya Mkange kuliko wengi wanaolala Mkange. Lakini hana sauti ya kisheria juu yake. Sheria imesema mkaazi. Yeye si mkaazi. Hata angepanda basi alfajiri akafika mkutanoni kabla ya mwenyekiti, angekuwa mgeni mwalikwa.

Jambo hili hupotoshwa mara nyingi. Husemwa kwamba kinachowatenga watu na maamuzi ni ukosefu wa simu na mnara, na kwamba kikao kikirushwa mubashara basi haki imefika. Kwa mtu wa Manzese kizuizi si mnara. Ni tafsiri ya neno moja, mkaazi, na tafsiri hiyo ina busara yake. Mji mkubwa una wana wengi kuliko kijiji, wana fedha kidogo zaidi na maneno mengi zaidi. Wakihesabiwa wote kwa simu, wangeweza kuyapigia kura mashamba ya watu ambao ndio watakaolala njaa mvua zikikosekana. Ukaazi unamlinda mama dhidi ya hekima ya mwanawe. Lakini ukaazi huohuo unamwacha mama huyo peke yake mbele ya mwenyekiti ambaye kesho atakutana naye kisimani. Anayempinga mwenyekiti mtandaoni anaweza kujificha nyuma ya jina la bandia; anayempinga chini ya mwembe anajulikana hadi ukoo wake. Ndiyo maana mikutano mikuu mingi huwa na watu wengi na wasemaji wachache.

Silaha ya mkutano mkuu si hotuba bali muhtasari. Karatasi hiyo yenye tarehe, ajenda, majina na sahihi ndiyo itakayotafutwa wilayani, kwenye baraza la ardhi na mahakamani, miaka baada ya maneno kupeperuka. Kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayochezewa. Malalamiko yanayosikika katika migogoro ya ardhi nchini kote ni kwamba orodha ya waliohudhuria kikao cha chanjo au cha mbegu imebandikwa nyuma ya azimio la kugawa ardhi. Waliokuwapo waligeuka waliokubali. Hapa kuhudhuria, ambako katika baraza la mtandaoni ni jambo jepesi la kugusa kioo, kunakuwa hatari: sahihi ya mtu asiyejua kusoma inaweza kumpokonya shamba.

Kwa upande mwingine, baraza la mtandaoni lina kila kitu isipokuwa muhtasari. Lina sauti iliyorekodiwa, lina wasikilizaji wengi, wakati mwingine lina wanasheria wazuri. Lakini likivunjika usiku wa manane hakuna aliyefungwa na lililosemwa. Kenya ilionyesha upeo wa jambo hilo. Katika upinzani dhidi ya Muswada wa Fedha wa 2024 vijana waliuchambua muswada kifungu kwa kifungu katika vikao vya X, wakautafsiri katika lugha za nyumbani, kisha wakaingia barabarani. Tarehe 25 Juni Bunge lilivamiwa na watu wakauawa. Siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi muswada. Na tarehe 5 Julai yeye mwenyewe aliingia katika kikao cha sauti cha X akaulizwa na vijana habari za mauaji na utekaji. Haikuwa kawaida katika Afrika Mashariki mkuu wa nchi kuhojiwa hivyo na watu asiowachagua. Lakini alijibu kama mgeni, kisha akatoka kama mgeni. Wajibu wa kuwasikiliza wananchi umewekwa na ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 juu ya Bunge, na maoni yaliyopelekwa huko ndiyo yaliyo katika kumbukumbu rasmi. Aidha, muswada ule ulianguka kwa sababu ya miili iliyokuwa barabarani. Mtandao uliwaambia watu wakutane wapi.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba sauti ya mbali na kikao cha karibu ni vitu vya kuchagua kimoja. Tanzania iliwahi kuviunganisha, na kwa kifaa duni kuliko simu ya leo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vipindi vya afya kwa wiki kadhaa, na watu wapatao milioni 2 walivisikiliza wakiwa katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na redio, kijitabu na kiongozi aliyefunzwa. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, watu wakajadiliana na kuazimia wachimbe vyoo vingapi na nani asafishe kisima. Kampeni ile ilikuwa na kasoro za zama zake. Maneno yalitoka Dar es Salaam kwenda vijijini na hayakurudi kwa njia ileile. Hakuna aliyeweza kuiuliza redio swali. Lakini waliobuni utaratibu ule walijua jambo ambalo wapangaji wengi wa mikutano ya mtandaoni wamelisahau, kwamba sauti haihudhuriwi ikiwa hewani. Ni lazima itue mahali, watu wakae mbele yake, na mmoja wao aandike.

Simu inaweza kuuliza na kujibu, nayo redio ya 1973 haikuweza. Inashangaza basi kwamba inatumiwa kinyume cha redio ile: kila mtu peke yake, kitandani, vidude vya kusikilizia masikioni. Kikundi cha Mtu ni Afya kilikuwa na redio moja na watu kadhaa; baraza la leo lina simu kadhaa na, kwa kila simu, mtu mmoja.

Kuna suala la mwenye uwanja pia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Bagamoyo aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Waswahili, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, anaeleza vyeo vya miji ya Mrima, jumbe na shaha na waziri, na jinsi kila aliyetaka kuingia katika cheo alivyolazimika kutoa ada kwa waliomtangulia. Barazani hapakuingiwa bure. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilirudisha neno lilelile: ada ya maombi shilingi 100,000 na ada ya leseni shilingi milioni 1, kabla ya kanuni hizo kurekebishwa baadaye. Msikilizaji wa kawaida halipi ada hiyo, yeye hulipa bando, lakini bando haliwezi kumfungulia baraza lililofungwa. Mtandao wa X ulizuiwa nchini Mei 2025. Kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti yenyewe ilizimwa kwa siku kadhaa, na mabaraza yote ya Dar es Salaam yakanyamaza kwa pamoja, ya haki na ya muziki, ya siasa na ya mapishi. Hata kuwa nje ya nchi hakukuwa kinga: Januari 2025 Maria Sarungi Tsehai alitekwa Nairobi na kuachiwa saa chache baadaye. Mwembe wa Mkange hauzimwi. Unaweza kukatazwa, na uliwahi kukatazwa, lakini ili kuukataza ni lazima atumwe mtu aje asimame chini yake, na watu wamwone ni nani.

Dola yenyewe, panapoifaa, imekwisha kukubali kwamba mtu anaweza kuwapo bila kuwapo. Kanuni za mwaka 2021 ziliruhusu mahakama za Tanzania kuendesha mashauri kwa njia ya mtandao, na mahabusu anaweza kufika mbele ya hakimu kwa kioo bila kutoka gerezani. Sheria za vijiji hazijawekewa kanuni ya namna hiyo, na pengine si vibaya zisiharakishwe. Lakini lipo jambo dogo lisilohitaji Bunge. Wenye mabaraza ya mjini, ambao hutumia usiku mzima kuzungumzia ardhi ya vijiji, wangeweza kuwasaidia wenye kura waijue kura yao kabla ya siku ya mkutano: ajenda isomwe mapema, kifungu cha sheria kifafanuliwe kwa Kiswahili kisicho cha wanasheria, muhtasari wa mkutano uliopita upigwe picha na kutumwa kwa kila mwenye simu ili kurasa zisibadilike njiani. Mwana wa Manzese asiye na kura anaweza kuwa mlinzi wa karatasi. Siku ya mkutano atamsikiliza mama yake tu.

Mama huyo atafika saa nne, ingawa tangazo lilisema saa tatu, atasubiri hadi mtendaji aseme kwamba akidi imetimia, kisha daftari litapitishwa. Kurasa zake zimepigwa mistari kwa kalamu na rula, safu nne: namba, jina, kitongoji, sahihi. Asiyejua kuandika huwekewa wino. Kabla ya kubonyeza kidole gumba, anayo haki ya kuuliza kilichoandikwa juu ya ukurasa.